Mchaichai kwenye mchanga wa Kigamboni: namna ninavyoukuza na kuutumia bila kupoteza harufu

Kila mtu Dar ana ushauri wa mchaichai, na karibu wote unaishia palepale: "Huo haufi, uchomeke popote." Kutokufa ni kweli haufi. Lakini kuna vichaka vinavyofika kiunoni, vya kijani kibichi, na ukisugua jani lake unanusa nyasi tu. Mimi nalima mchaichai Kigamboni, kwenye mchanga mtupu, na maji ya kisima yenye chumvichumvi, na jani moja likikatwa uwani harufu inafika jikoni. Hiyo naisema kwa kujivunia, maana haikuja kwa kuchomeka popote.

Dawa ya mchaichai ni mafuta yaliyomo ndani ya jani. Na ni machache mno: kilo 100 za majani mabichi hutoa kama gramu 200 hadi 500 za mafuta, basi. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni sitrali, ndiyo inayoleta ile harufu ya limau. Yanaruka haraka kwa joto, kwa jua na kwa kukaa wazi. Ukishalijua hilo, unaona ushauri mwingi wa mtaani unavyoyamwaga kabla hayajafika kwenye kikombe.

Nianze na mbegu, maana hapa ndipo watu wanapouziwa vitu. Mchaichai wa chai ni nadra kutoa maua na hauoteshwi kwa punje. Unapandwa kwa machipukizi. Ukikuta pakiti ya mbegu imeandikwa mchaichai, mara nyingi ni ndugu yake mwingine wa jamii hiyohiyo. Na bustani za miche za barabarani wanakuuzia kichaka kidogo kwa elfu kadhaa wakati sokoni fungu ni mia tano au buku.

Watakwambia mchaichai wa sokoni hauoti kwa sababu "umeshakatwa mizizi". Unaota, ila uchague. Fungu kubwa, zuri kwa macho, mara nyingi ni majani matupu yaliyokatwa juu ya shina. Hilo ni la chai ya leo. Nenda asubuhi, Kisutu au Kariakoo, kabla jua halijayakausha, upekue mpaka upate mashina yenye kitako kizima: pale chini kabisa, sehemu ngumu nyeupe yenye pete nyembamba zilizopangana. Shina likinyofolewa pamoja na kile kitako, uhai upo. Likikatwa kidole kimoja juu yake, hakuna maji wala mbolea itakayolirudisha. Bonyeza kwa kucha: kitako kizima ni kigumu na kina unyevu, kilichokufa kinabonyea na kina weusi wa kuoza.

Angalia na rangi. Mchaichai wa kunywa una shina la kijani mpauko linaloingia kwenye weupe. Ukiona shina limeiva wekundu wa zambarau chini, huo ni ule wa jamii ya sitronela, unaotengenezewa mafuta ya kufukuza mbu. Unafanana nao sana na harufu inakaribiana, lakini si wa chai.

Nyumbani, punguza majani yote kwa mkasi ubakize urefu wa shibiri moja. Watu wanaona huruma kuyakata, lakini majani marefu yananyonya maji ambayo shina bado halina mizizi ya kuyaleta, na linanyauka likiwa limesimama. Menya maganda mawili matatu ya nje yaliyokauka mpaka pete za kitako zionekane. Simamisha mashina kwenye glasi yenye maji ya vidole viwili tu, yafunike kitako peke yake, weka dirishani penye mwanga usio wa jua kali. Ndani ya wiki moja hadi tatu utaona vidoa vyeupe kama vipele kwenye zile pete, kisha nywele nyeupe, kisha mizizi yenyewe. Ikifika urefu wa kidole cha shahada, hamishia kwenye udongo. Usiiache irefuke mpaka ijae glasi. Mizizi ya majini ni laini na ikizidi urefu inavunjika wakati wa kupanda.

Maji ya glasi yabadilishe kila baada ya siku mbili, na uisugue glasi ndani kwa kidole. Sababu ya kwanza ni kuoza. Ya pili ni mbu. Dar tumepigwa na dengi mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wake anapenda hasa vyombo vidogo vya maji masafi yaliyotulia ndani na pembezoni mwa nyumba. Mayai huyabandika ukutani mwa chombo, ndiyo maana kumwaga maji bila kusugua hakutoshi. Kisahani chini ya ndoo ya mmea nacho ni hivyohivyo. Mimi visahani sivitumii kabisa.

Kwenye ndoo, tumia ile ya rangi ya lita 20, ioshwe vizuri, itobolewe matundu sita chini kwa msumari wa moto. Mchanganyiko wangu ni visado viwili vya udongo mweusi, kimoja cha samadi ya ng'ombe iliyooza, kimoja cha mchanga wa mtoni. Mchanga wa ufukweni usiuguse, una chumvi. Samadi nayo iwe imeoza kweli: ukiishika iwe baridi, nyeusi, isiyonuka. Ikiwa bado na joto inaunguza mizizi michanga. Panda mashina matatu kwa ndoo, kitako kizame inchi mbili, ushindilie kwa vidole.

Ardhini kwenye mchanga wetu wa pwani shida ni kwamba maji hupita moja kwa moja na mbolea inaondoka nayo. Chimba shimo la futi moja na nusu, tandika makumbi ya nazi chini, kisha rudishia mchanga uliochanganywa na nusu ndoo ya samadi. Makumbi yananywa maji na kuyatoa polepole. Ila yaloweke kwanza kwenye maji baridi siku mbili, kisha umwage maji hayo, kwa sababu huwa na chumvi yake. Kati ya shimo na shimo acha futi tatu. Mwanzoni unaonekana uwanja umepotea bure, lakini kichaka kikikomaa kinafumba pengo lote, na kikibanwa kinajaza majani makavu katikati.

Jua. Hapa ndipo harufu inapotengenezwa, na hapa ndipo wengi wanapokosea kwa kuuficha mchaichai chini ya mwembe ili "usiungue". Unataka jua la siku nzima, saa sita kwa uchache. Kivulini majani yanakuwa marefu, membamba, yanalala, na mafuta hayajai. Vivyo hivyo urea: ukiumwagia unapata majani mapana laini ya kupendeza kwenye picha, yasiyo na ladha. Kisado cha samadi kwa kichaka kila baada ya kuvuna mara mbili kinatosha.

Maji ya kisima yetu yakizidi, ncha za majani zinaungua, kahawia inaanzia nchani na kushuka. Wengi wanadhani ni kiu, wanaongeza maji yaleyale, na chumvi inazidi kurundikana. Dawa yake ni kuusuuza udongo: mwagia maji ya mvua au ya bomba, lita kumi hivi kwa ndoo moja, polepole, mpaka yatoke kwa wingi chini. Masika ikifika kazi hiyo mvua inaifanya yenyewe. Kiangazi mimi humwagilia kila baada ya siku moja, na kabla ya kumwaga nachomeka kidole mpaka pingili ya pili. Pakiwa na unyevu, naacha.

Masika huleta shida nyingine, kutu. Madoa ya kahawia chini ya jani, ukipitisha kidole unabaki na unga wa rangi ya kutu. Kata kichaka chote kibaki vidole vinne, choma majani yale, usiyafanye matandazo, na acha hewa ipite kati ya vichaka. Wakati wa kumwagilia, maji yaende kwenye shina, si juu ya majani. Januari na Februari, kwenye ndoo zilizo barazani, anakuja utitiri mwekundu: majani yanapauka kwa vidoadoa. Nyunyizia maji kwa nguvu upande wa chini wa majani, asubuhi tatu nne mfululizo, hapendi unyevu.

Uvunaji wa kwanza ni mwezi wa nne hadi wa sita tangu kupanda, shina likishanenepa kama kidole gumba. Kata asubuhi, umande ukishakauka, juu ya shina kwa upana wa kiganja. Vaa mikono mirefu, maana kingo za jani ni msumeno mtupu. Baada ya hapo unarudi kila miezi miwili.

Kukausha ndiyo kazi niliyoipenda kuliko zote, kwa sababu hewa yetu inashindana nawe. Ushauri wa kawaida ni kuanika juani juu ya bati. Saa chache tu majani yanakauka na kuwa ya manjano kama mabua, na harufu imeenda angani. Wengine wanafunga mafungu na kuyaning'iniza jikoni. Kwa unyevu wa Dar, katikati ya fungu panafanya ukungu mweupe kabla nje hapajakauka. Kinachofanya kazi ni chandarua kuukuu na panga boi. Vuta chandarua kati ya viti vinne vya plastiki, kikazike, moja kwa moja chini ya panga boi. Kata majani kwa mkasi vipande vya nusu kidole, na mashina yapasue katikati kwa urefu, maana shina zima linakauka nje na kubaki bichi ndani, kisha linaozesha chupa nzima. Tandaza wembamba, vipande visilaliane. Washa panga boi mwendo wa kati. Ukiliweka mwendo wa mwisho, asubuhi utafagia mchaichai chumba kizima. Hewa inapita juu na chini ya chandarua, hakuna jua, na ndani ya siku mbili tatu majani yamekauka yakiwa bado ya kijani. Kipimo ni kukunja kipande: kikilia na kukatika, tayari, kikipinda, bado. Weka kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kukaza, kabatini. Kesho yake angalia ndani ya kioo: ukiona ukungu wa mvuke, rudisha chini ya panga boi siku hiyohiyo.

Kupika. Tafadhali usichemshe dakika ishirini mpaka maji yawe mekundu. Chukua majani mabichi matatu kwa kikombe, au kijiko kikubwa cha makavu. Chemsha maji, zima jiko, tia majani yaliyokunjwa fundo, funika, subiri dakika kumi. Ukifunua, matone yaliyo chini ya kifuniko yananukia kuliko chai yenyewe. Yakung'utie humohumo kwenye sufuria. Shina ni gumu zaidi, liponde na lichemke dakika tano kwa moto mdogo, likiwa limefunikwa. Chuja kwa chujio la nyuzi ndogo, kwa sababu vipande vya kingo vinakwaruza koo. Tangawizi ikiwemo, ichemshe kwanza peke yake, mchaichai uingie mwisho.

Nautumia kwa tumbo lililojaa gesi, kwa mafua, na jioni usingizi ukisumbua. Kikombe kimoja hadi viwili kwa siku. Mjamzito asinywe ule mzito kama dawa, na mwenye dawa za presha au sukari amuulize daktari kwanza. Homa Dar ni ya kupimwa: malaria hutibiwa kwa dawa ya mseto baada ya kipimo, na dengi ina hatari zake, kwa hiyo chai hii ni ya kunywa wakati majibu yanasubiriwa, isichukue nafasi ya zahanati. Wanaosambaza kwamba unatibu saratani wanawacheleweshea wagonjwa muda ambao hawana.

Nyungu iliyovuma mwaka 2020 bado inapigwa majumbani, na inaunguza watu. Ukitaka kujifukiza, epua sufuria, mimina kwenye beseni zito juu ya meza, subiri dakika mbili, jifunike taulo kichwani badala ya blanketi mwili mzima, dakika tano zinatosha. Mvuke unalegeza pua iliyoziba, virusi hauviui. Mtoto mdogo asiingizwe kabisa.

Na kuhusu mbu na nyoka: kichaka kilichosimama dirishani hakifukuzi mbu, kwa sababu mafuta yamefungwa ndani ya jani mpaka lipondwe. Nyoka naye, kichaka kizee chenye majani makavu chini ni maficho ya panya, na panya ndiye anayemwita. Safisha chini kila mwezi.

Mwaka wa pili au wa tatu katikati ya kichaka panakauka na mashina yanasinyaa. Kabla ya mvua za Machi, ng'oa chote kwa jembe, kipasue kwa panga, tupa kati, panda upya machipukizi ya pembeni yenye mizizi. Kichaka kimoja kinatoa miche kumi na zaidi, na jirani akiomba, mpe wenye kitako kizima.