Jina lingine?

Ukiishi Nakuru hukosi kuulizwa: "Jina lingine?" Umeshataja la ubatizo, lakini anayeuliza hatulii mpaka asikie la ukoo, ajue kabila lako. Baba yangu ni Mluhya wa Kakamega, mama ni Mkikuyu wa Njoro, nami nimeolewa na Mkisii. Msimu wa uchaguzi ukifika, watu huhesabu kura yangu kabla sijafungua mdomo, na kila mmoja hupata jibu lake.

Mwaka 2013 hesabu hii ilipanda hadi kwenye televisheni. Jumlisha Wakikuyu na Wakalenjin waliojiandikisha, tukaambiwa, umeshampata rais. Jubilee, muungano wa Uhuru Kenyatta, Mkikuyu, na William Ruto, Mkalenjin, ikapita kwa 50.07%. Hata leo kura za maoni hutangazwa kwa ngome: Mlima Kenya hivi, Nyanza hivi, Pwani hivi.

Mwaka 2022 hesabu ilikataa. Uhuru Kenyatta, aliyekuwa anamaliza urais, aliwaomba watu wa Mlima Kenya wamchague Raila Odinga, nao wakampa William Ruto kura zao kwa wingi. Wapo wanaosema ni kwa sababu mgombea mwenza wa Ruto, Rigathi Gachagua, alikuwa wa kwao. Mbona Martha Karua wa Kirinyaga, naye wa Mlima, alikuwa mgombea mwenza wa Raila? Mimi nauza mboga sokoni, na nilikuwa nawasikia wateja wangu: bei ya unga, mtaji, kijana aliyemaliza chuo na bado yuko nyumbani. Ruto alipowaita mahasla, yaani watu wa kuhangaikia riziki, aliwagusa panapouma, na hapo kabila lilikuwa halijafika.

Ikaja Juni 2024. Mswada wa Fedha ulitaka kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya 16% kwenye mkate, na kodi ya 2.5% ya thamani ya gari kila mwaka. Vijana wakausoma wenyewe kwenye simu, kifungu kwa kifungu. Mpwa wangu alichora bango lake kwenye meza yangu ya jikoni, kwa makaa, juu ya boksi la sabuni: HATUNA KABILA. Akatoka na wenzake, Mjaluo, Mkalenjin na Wakikuyu wawili, katika mji huu huu ambao Januari 2008 majirani walifukuzana kwa mapanga. Tarehe 25 waandamanaji waliingia Bungeni Nairobi, na vijana wakauawa kwa risasi. Kesho yake Rais akakataa kutia saini. Damu ile ndiyo iliyouzuia mswada kuwa sheria, na sitaki tuizoee.

Oktoba mwaka huo huo Seneti ilipomng'oa Gachagua kwenye unaibu wa rais, sokoni nikasikia tena "mtu wetu ameonewa." Mkate ukasahaulika ndani ya wiki moja tu. Iliniuma sana.

Kwa hiyo nina ombi kwa wanaofanya kura za maoni kuelekea 2027. Mnapotutangaza, acheni kutupanga kwa ngome peke yake. Tupangeni pia kwa kipato, kwa umri, kwa anayelipa kodi ya nyumba na anayelima shamba la kukodi. Na mkinipigia simu, niulizeni kwanza kuhusu unga.