H4 imetoka wapi? Skripti ya toleo, siku ya tatu

Saa sita kasoro usiku. Imekubali!

Wiki hii niliamua kuachana na sed, amri ya kubadilisha maandishi ndani ya faili, kwenye skripti inayoongeza versionCode (namba ya toleo) kabla ya kujenga programu yangu ya Android. Kwenye Linux `sed -i` inakwenda yenyewe, ila kwenye Mac ya mwenzangu inadai kiambishi cha faili la akiba, hata kama ni `''` tupu. Nikahamia Python ili tusisumbuane tena.

Namba mpya ilikuwa 104. Nikaandika `re.sub(r'(versionCode\s+)\d+', r'\1' + namba, maandishi)`, ambapo `\1` inarudisha kundi la kwanza, yaani kilichonaswa kwenye mabano. Gradle, zana inayojenga programu, ikagoma. Kufungua build.gradle, pale palipokuwa na `versionCode 103` pamebaki `H4`. Basi, hakuna kingine.

Nikashuku usimbaji wa faili. Nikashuku miisho ya mistari ya Windows, nikafuta kila `\r`. H4. Nikabadilisha kihariri. H4. Jioni mbili nzima zimeteketea hivyo, na hasira juu. Leo nikajaribu 105, ikaja H5. Kumbe tarakimu ya mwisho inapita salama, zinazoliwa ni mbili za mwanzo!

Hapo ndipo nikaona. `\1` ikigusana na 104 inasomeka `\1104`. Python inazichukua tarakimu tatu za kwanza, `\110`, kama namba ya msingi wa nane, yaani 72, na 72 kwenye ASCII ni H. Kwa sed makundi yanaishia `\9`, ndiyo maana miezi yote ile sikuwahi kuliona tatizo hili. Namba ingekuwa 98, Python ingelalamika kwamba kundi la 19 halipo, nami ningejua pa kuanzia. Kwa 104 haikutoa hata onyo, na hilo ndilo linaloniuma.

Dawa ni `r'\g<1>' + namba`, inayofungia namba ya kundi ndani ya mabano yake isigusane na 104. Nimetumia pia `re.subn`, ambayo inarudisha idadi ya mabadiliko: ikiwa si 1, skripti inasimama papo hapo. sed ikikosa cha kubadilisha inamaliza kimya kana kwamba mambo ni shwari, na kwa kazi ya toleo siirudii tena.

Nilipanga leo nimalizie na AndroidManifest, faili la XML lenye maelezo ya programu, kwa rejeksi (ruwaza za kutafuta kama ile ya `re.sub`). Nimeghairi, XML inataka kichanganuzi chake, yaani msimbo unaoelewa muundo wake. Halafu wazo jingine likanijia: namba ikae kwenye faili lake dogo, version.properties, Gradle iisome yenyewe. Nimeshaanza, na 106 imepita.