Mradi wa vinasaba vya bangi: kipimo kinajibu swali gani?

Awamu ya kwanza ya uchambuzi imekamilika na msimamo wangu nimeupata. Ukitaka kujua kama sampuli mbili ni mmea uleule, kipimo cha vinasaba unaweza kukitegemea. Ukitaka kujua mababu wa mmea walitoka wapi, kuwa mwangalifu sana.

Kwa mliojiunga karibuni: sipandi chochote. Bangi ni haramu hapa Tanzania, nami natumia data tu ambazo watafiti wameziweka wazi. Kilichonivuta ni majina ya Kiafrika yanayouzwa Marekani na Kanada, kama Durban Poison na Malawi Gold. Je, DNA inayaunga mkono?

Nilianza na utambulisho. Wakulima wengi hukata tawi la mmea mama na kulipanda, hivyo watoto wote hubeba DNA ileile. Hata hivyo, mwanzoni sampuli za mmea mama mmoja zilionekana kutofautiana. Sababu ni usomaji haba: mahali kwenye DNA ambapo mmea una herufi mbili, tuseme A na G, pakisomwa mara moja tu utaona moja na kuikosa nyingine. Nilipobakiza nafasi zilizosomwa mara nyingi, sampuli hizo zilikaribiana mara moja. Kwa kazi ya namna hii Schwabe na McGlaughlin, mwaka 2019, walipima sampuli 122 za majina 30 kutoka madukani Marekani, wakakuta jina moja mara nyingi linabeba mimea isiyo na vinasaba sawa. Hapo kipimo kilifanya kazi yake barabara.

Ugumu uko kwenye ukoo, yaani asili ya mababu. Programu ya ADMIXTURE, inayokadiria asilimia ya kila kundi la mababu kwenye DNA ya mmea, inakutaka uchague mwenyewe idadi ya makundi ya mababu. Ukibadilisha idadi, asilimia zinabadilika, mmea ni uleule. Kisha nikajaribu kuiwekea sampuli za rejea (zile zinazochukuliwa kuwa asili yake inajulikana) na kuondoa kundi moja. Haikusema "huyu simjui". Iligawa sehemu yake kwa makundi yaliyobaki, na majibu yakatoka safi kabisa! Hili ndilo lililonitia wasiwasi kuliko yote, kwa sababu mteja anayepokea ripoti haoni nani hakuwamo kwenye rejea.

Na rejea zenyewe zimepewa majina na wauzaji. Ni sawa na kupima kwa mizani ambayo mawe yake yameandikwa uzito na mwenye duka. Sawler na wenzake, mwaka 2015, walilinganisha sampuli 81 za bangi ya kuvuta na 43 za bangi ya nyuzi (hemp). Wauzaji hugawa bangi katika aina mbili, sativa na indica. Jamaican Lambs Bread, iliyotajwa kuwa sativa asilimia 100, ilikaribia kufanana kabisa na nyingine ya Afghanistan iliyotajwa kuwa indica tupu. Bangi huchavushwa na upepo, na wafugaji wa mbegu wamechanganya za Asia, Afrika na Amerika kwa miongo mingi, si ajabu.

Bangi ya nyuzi na ya kuvuta zinatengana vizuri kwenye grafu yangu, kama kwa Sawler na wenzake. Mgawanyo huo nauamini.

Sasa nahamia genomu (DNA nzima ya mmea) 110 za Ren na wenzake, 2021, ambamo zimo za kienyeji na zinazojiotea zenyewe. Kwa Durban Poison ningetamani zaidi vielelezo vikavu vya hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) vilivyokusanywa KwaZulu-Natal, mkoa wa Afrika Kusini ulipo mji wa Durban, kabla ya miaka ya 1960, vyenye mahali na tarehe ya kuchumwa. Nimeanza kutafuta kama kuna yeyote aliyesoma DNA ya vielelezo hivyo na kuiweka wazi.