Jina la Bibi kwenye jiwe

Siku hiyo, Ijumaa tarehe 5 Aprili 2019, Hangzhou, China, iliamka na mvua ya rasharasha. Rafiki yangu niliyekuwa nasoma naye alinialika kwao, kijiji kimoja nje ya Shaoxing, kwenye Qingming, sikukuu ya kufagia makaburi. Mimi Qingming nilikuwa naijua kama siku ya mapumziko kwenye kalenda, basi. Tulipofika stesheni nikaona umati, watu wamebeba maua na mifuko ya karatasi za kuwachomea marehemu, nikakumbuka stendi ya Ubungo wiki ya Krismasi, Wachagga tukigombania basi la kwenda nyumbani.

Bibi yake tulimkuta jikoni akipanga qingtuan kwenye sinia. Ni maandazi ya mviringo ya kijani kibichi: majani ya jamii ya pakanga yanasagwa, maji yake yanakandwa na unga wa mchele wa kunata, katikati wanatia maharage mekundu yaliyopondwa kwa sukari, kisha yanapikwa kwa mvuke. Alikuwa ameyapika jana yake. Nikalishika moja, baridi kabisa. Nikauliza, Bibi, tuyapashe? Rafiki yangu akatafsiri, Bibi akacheka, akanivutia kigoda.

Zamani sana, akasema, mtoto mmoja wa mtawala wa Jin, dola la China ya kale, Chong'er, alikimbia kwao akatangatanga ugenini miaka 19. Njaa ilipombana, mtumishi wake Jie Zitui alijikata nyama ya paja akampikia supu. Chong'er akarudi, akatawala, akawatunuku wote waliofuatana naye, huyu akamsahau. Jie Zitui hakudai. Alimchukua mama yake wakaingia mlimani. Mtawala alipozinduka akamtuma mtu amwite, hakutoka, ndipo akashauriwa autie moto msitu ili atoke. Hawakutoka. Walikutwa wamekufa, mama na mwana, chini ya mti. Mtawala akapiga marufuku moto kuwashwa siku ya kumbukumbu yao, watu wale chakula baridi. Sikukuu hiyo ya chakula baridi iliangukia karibu sana na Qingming, siku ya 15 hivi baada ya usiku na mchana kulingana, na kadiri karne zilivyopita zikawa kitu kimoja. Ni hadithi, na ninajua wanahistoria wana maswali nayo. Lakini niliisikia nikiwa na andazi baridi mdomoni, kwa mwanamke aliyeisikia kwa bibi yake, na mpaka leo siwezi kuitenganisha na ladha ile ya majani.

Kaburi la babu lilikuwa kilimani, juu ya mashamba ya chai, njia ya udongo inayoteleza. Baba yake rafiki yangu alikwenda mbele na panga na jembe. Walifyeka, wakang'oa miche ya mianzi iliyokuwa imeanza kupenya, wakaongeza udongo mpya juu ya kaburi kwa mikono. Hakuna aliyekuwa na haraka. Wakapanga kuku mzima, samaki, machungwa, vikombe vitatu vya mvinyo wa mchele, na sinia la qingtuan.

Halafu nikaliona jiwe. Lilikuwa na majina mawili yaliyochongwa sambamba, moja limepakwa rangi nyeusi, jingine nyekundu. Nikamnong'oneza rafiki yangu: la pili la nani? "La Bibi," akasema. "Nyekundu maana yake yuko hai."

Rangi ilikuwa imepauka kwa mvua za mwaka mzima. Baba alipitisha brashi nyeusi kwenye jina la babu, kisha akafungua kikopo cha nyekundu. Bibi akamnyang'anya brashi. Akapiga magoti kwenye matope, mkono wa kushoto ukishikilia jiwe, akaanza kulipaka jina lake mwenyewe, mstari baada ya mstari, akifuta kwa ncha ya kitambaa pale rangi ilipochuruzika. Alipomaliza akasema kitu, wote wakatabasamu. Rafiki yangu akanitafsiria: "Nikija kulala hapa, msikawie kunibadilishia rangi."

Kwetu Kibosho, Kilimanjaro, baba amelala kihambani, kwenye shamba la ukoo, na masale, mmea wetu wa heshima, yamepandwa kichwani pake. Nafasi ya mama iko pembeni, tunaijua sote, wala hakuna anayethubutu kuitaja. Niligeuka nikatazama mashamba ya chai mpaka macho yakakauka.

Ulipofika wakati wa kuchoma, Bibi alichora duara ardhini kwa kijiti. Ndani yake wakaweka vipande vya karatasi ya fedha alivyovikunja mwenyewe majira yote ya baridi, mfano wa vipande vya fedha vya zamani. Vichache akaviweka nje ya duara. Hivyo, akaniambia, ni vya wasio na mtu wa kuwafagilia kaburi.

Kisha akaniuliza natoka nchi gani. Nikamjibu, akashtuka: "Tan-Zan tielu!" Reli ya TAZARA. Wazee wa kule wanaijua. Akauliza kama ni kweli wako Wachina waliobaki huko.

Ni kweli. Reli ile ya kilomita 1,860, Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, ilijengwa kuanzia 1970, na Wachina zaidi ya 60 walikufa kazini. Wengi wao wamezikwa Gongo la Mboto. Mimi nimekulia Ukonga. Nimepita njia ile na daladala utoto wangu wote, sijaingia hata siku moja. Nilimwambia kwamba kila Qingming watu wa ubalozi wao huenda na maua.

"Na udongo?" akauliza. "Wanawaongezea udongo?"

Sikuwa na jibu. Akauliza mvua ya kwetu Aprili ikoje. Nikamwambia ni masika, inamwagika, majani yanafika magotini kwa wiki mbili.

Bibi akachukua konzi mbili nzima za karatasi kutoka kwenye kikapu, akaziweka nje ya duara, akaziwasha. Mvua ilikuwa imeongezeka. Akafungua mwavuli wake, akauinamisha juu ya moto ule, yeye mwenyewe akilowa, mpaka karatasi ya mwisho ikaungua.