Nusu kilo ya lusini kila masaa manne

Jamani wacha niwaambie kuhusu Tausi. Ni farasi jike, ukiangalia meno ana miaka 20 na zaidi, alikua wa mbio zamani alafu akazalishwa alafu akaachwa tu kwa boma huku Ngong, na siku nilimuona mara ya kwanza nililia kabisa, mbavu unazihesabu ukiwa barabarani na kwato zimerefuka mpaka zimejikunja mbele. Kuna kipimo cha unene wa farasi, 1 hadi 9, 1 ni mifupa mitupu na 9 ni mnene kupita kiasi. Daktari wa mifugo alimpa 1.

Mimi nikakimbia kununua gunia la pumba na molasi. Mzee, saisi wetu (mtunza farasi), akaniambia, "Mama, ukimpa hiyo leo, kesho kutwa tunachimba shimo." Na ni ukweli, mwili uliokaa na njaa hivo ukipata wanga mwingi ghafla, fosforasi na potasiamu zinatoka kwa damu zinaingia kwa seli zote kwa mpigo, moyo unashindwa, anakufa tayari ameanza kula na nyinyi mmefurahi. Kwa hivo siku tatu za kwanza ilikua nusu kilo tu ya lusini (majani makavu ya alfalfa, hayana wanga mwingi) kila masaa manne, mara sita, mchana na usiku. Saa sita usiku niko zizini na tochi, saa kumi niko tena, na yeye anamaliza alafu ananiangalia anataka ingine na siwezi kumpa. Hiyo ilinichoma kuliko mbavu.

Meno yalisubiri wiki kadhaa mpaka apate nguvu za kudungwa dawa ya kumtuliza, kumbe yalikua yameota ncha kali zinamkata mashavu, ndo maana alikua anatafuna nyasi anatema mabonge. Kwato nazo fundi anapunguza kidogo kidogo kila wiki sita.

Sasa ni miezi mitano, akisikia ndoo analia mpaka jirani wanajua.

Tunamtafutia nyumba. Sitaki wa kumpanda milima, nataka mwenye kivuli, mwenye farasi mwingine tayari maana peke yake atateseka, na mwenye subira ya kumlowekea chakula asubuhi na jioni kila siku, kwa sababu anaweza kufika 30 huyu. Ukitaka kumuona kuja saa kumi jioni, ndo anakula, na uje na wakati.