Mkia ulikuwa unaogelea: nilivyobadilisha shokapu ya nyuma

Kuna kona moja ndefu ninayoipita kila siku. Zamani nilikuwa nailaza pikipiki pale bila kufikiri. Siku moja mkia ukaanza kuogelea: unadidimia, unainuka, unadidimia tena, kama mtu aliyekalia kitanda cha springi. Nikashuku tairi. Nikapima upepo, uko sawa. Nikashuku beringi za gurudumu, nikalishika tairi juu na chini nikalitikisa, kimya. Basi nikaendelea kuendesha hivyohivyo karibu miezi miwili, nikiisingizia barabara.

Rafiki yangu akanipa dawa ambayo kila mwendesha pikipiki anayo mfukoni: "Kaza springi, itatulia."

Nikakaza. Juu ya springi inayoizunguka shokapu kuna ringi mbili zenye meno. Moja ya kufungia, nyingine ndiyo inayobana springi. Nikaizungusha kwa ile spana yenye ndoano mpaka ikashuka milimita 8. Mkia ukapanda kweli, na kwa kilomita tatu hivi nilijiona fundi. Nikakanyaga tuta dogo, siti ikanirusha. Sisemi ilinitikisa. Makalio yaliachana na siti, na nilipotua, pikipiki ilikuwa bado inanesa.

Ndipo nikakaa chini kulielewa jambo lenyewe. Springi inabeba, oili inatuliza. Springi ikibanwa inaweka nguvu, ikiachiwa inairudisha yote, haina huruma. Oili iliyo ndani ya shokapu inalazimishwa kupita kwenye vitundu na visahani vyembamba vya chuma, na katika kupenya huko ile nguvu inageuka joto. Oili ikichoka au ikivuja, springi inabaki bila mtu wa kuishika mkono. Kuipima hakuhitaji hata chombo: sukuma mkia chini kwa nguvu, uachie. Unatakiwa upande mara moja na kutulia. Wangu ulipanda mbio, ukashuka, ukapanda tena. Nilipochungulia kwa tochi nikaona kwenye shina la shokapu utando mweusi, oili iliyoshikana na vumbi. Ulikuwepo muda wote huo.

Na hili la kukaza, naomba nilitolee dukuduku. Kukaza ringi hakuifanyi springi kuwa ngumu. Ugumu wake umo kwenye unene wa waya, upana wa springi na idadi ya mizunguko. Unachobadilisha kwa ringi ni kimo cha mkia tu. Kwa hiyo nikairudisha ringi mahali pake, nikabandika kipande cha utepe kwenye kava la mkia, juu kabisa ya ekseli, nikamwita mdogo wangu aje na futi.

Vipimo ni vitatu, kutoka ekseli hadi kwenye utepe, na unachotafuta ni pikipiki imedidimia kiasi gani kutoka kile cha kwanza. Kwanza gurudumu likiwa linaning'inia. Pili pikipiki ikiwa imesimama yenyewe. Tatu nikiwa nimekaa juu na helmeti, koti na buti, miguu kwenye vikanyagio, mwili umeinama kama ninavyoendesha. Kwa pikipiki ya spoti ya barabarani, ambayo gurudumu la nyuma lina safari ya milimita 120 hivi, unataka ididimie milimita 30 hadi 35 ukiwa juu yake, na 5 hadi 10 ikiwa peke yake. Yangu ilididimia 52 nikiwa juu. Nikaikaza tena zile milimita 8, ikawa 36. Nzuri, sivyo? Lakini ikiwa peke yake ilididimia 2 tu. Hapo ndipo springi inapojisema: ili inibebe mimi lazima ibanwe mpaka uzito wa pikipiki peke yake karibu ushindwe kuididimiza. Ilikuwa laini kwa uzito wangu, ambao na mavazi yote ni kilo 98. Mdogo wangu akasema, "Kaka, labda upunguze ugali kwanza." Sikumjibu.

Nilifikiria kuitengeneza ile ya zamani. Shokapu nyingine zinafunguka: zinabadilishwa oili na sili, zinajazwa naitrojeni upya, zinarudi kazini. Yangu ilitoka kiwandani ikiwa imefungwa moja kwa moja. Na hata ile inayofunguka, usiifungue nyumbani. Gesi iliyomo ndani ina mgandamizo wa baa 10 na zaidi, haichezewi kwa bisibisi. Nikaagiza mpya yenye skrubu za kurekebisha, na springi ya kulingana na kilo zangu. Ugumu wa springi hupimwa kwa nguvu inayohitajika kuibana milimita moja: nikatoka niutoni 70 kwa milimita nikaenda 95.

Kuitoa ya zamani kulinitoa jasho kuliko nilivyodhani. Stendi ya kawaida ya nyuma haifai hapa, maana inainua pikipiki kwa kushika mkono unaobeba gurudumu, na huo mkono ndio unaotakiwa uwe huru. Nikaining'iniza kwa mikanda miwili kutoka kwenye boriti, nimeifunga kwenye fremu chini ya siti, gurudumu la mbele limekazwa lisitembee. Bolti ya chini ya shokapu ikagoma. Niligonga, nikapulizia mafuta ya kutu, nikagonga tena. Kumbe haikuwa kutu, ni uzito wa gurudumu uliokuwa unaivuta. Nikasukumia kabari ya mbao chini ya tairi, nikaliinua kidogo kidogo huku mkono mmoja ukiizungusha bolti. Likafika mahali, bolti ikateleza ikatoka kwa vidole viwili.

Nilichokikuta kwenye linki ndicho kilichonishangaza. Linki ni zile pande za chuma zinazounganisha shokapu na mkono wa nyuma. Kawasaki waliita mpangilio wao Uni-Trak, Honda wakaita Pro-Link, lakini kazi ni ileile: kadiri gurudumu linavyopanda, shokapu inazidi kuwa ngumu. Ndani yake mna beringi za sindano, yaani zenye vyuma vyembamba kama sindano badala ya gololi. Nilipochomoa bomba la kati la beringi ya kwanza, ukamwagika unga wa rangi ya matofali. Grisi hakuna. Sindano nne zilikuwa zimeganda pamoja, nyingine zimekula alama kwenye bomba. Ningefunga shokapu mpya juu ya uchafu ule, ningelaumu shokapu. Nikabadilisha beringi na sili zote, nikazipaka grisi mpaka ikatokeza pembeni.

Kufunga sikuchelewa. Bolti zote nilizimalizia kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukazia, kwa namba za kitabu cha pikipiki.

Kosa langu likaja baadaye. Shokapu mpya ina mahali pa kurefusha, na mimi kwa tamaa nikairefusha milimita 5. Linki inazidisha: gurudumu linasogea karibu mara mbili ya shokapu, kwa hiyo mkia ulipanda milimita 10. Pikipiki ikawa inaingia kona kwa wepesi mtamu, lakini nikifungua mafuta kwenye barabara yenye mabonde, usukani unatikisika mikononi. Nikairudisha kwenye urefu wa ile ya zamani, usukani ukatulia. Kila nilipogusa urefu nililazimika kuipima cheni upya, maana inakaza zaidi pale sproketi ya mbele, egemeo la mkono na ekseli vinapokuwa kwenye mstari mmoja. Ukiipima mkia ukiwa juu utadhani imelegea, utaikaza kupita kiasi.

Skrubu za oili, zile zinazobana au kulegeza njia ya oili ndani ya shokapu, nilizianza kwa alama alizoandika mtengenezaji. Unakaza mpaka mwisho polepole, halafu unarudisha ukihesabu: tik, tik, tik. Nilikuwa nabadilisha skrubu moja tu kwa safari, tik mbili kwa wakati, kisha naipita kona ileile. Skrubu ya kuzuia springi isirudi mbio ndiyo iliyonichukua muda. Niliizidisha kukaza, mkia ukawa hauwahi kuinuka kati ya tuta na tuta, unazidi kuchuchumaa kila tuta. Nikailegeza tik tatu.

Sasa inadidimia 33 nikiwa juu, 9 ikiwa peke yake. Namba hizo nimeziandika kwa kalamu ya rangi kwenye utepe, nikaubandika chini ya siti pamoja na hesabu za tik. Juzi nilipobadilisha tairi la nyuma nikaichomoa bolti moja ya linki nione. Grisi ilikuwa bado ya kijani, na sindano zilikuwa zinazunguka.