Misimu mitupu na upinde wa asili

Kuna kipindi kwenye uwindaji wa upinde wa asili unarudi mikono mitupu, unaenda tena unarudi mikono mitupu, mpaka unaanza kujiuliza kama hiki kitu kinawezekana kweli. Naongelea upinde wenyewe ule, mti na kamba basi, hauna kapi za kukupunguzia uzito ukishavuta, hauna kilengeo, hauna chochote cha kukusaidia zaidi ya mgongo wako na macho yako. Nawajua watu wazuri sana, wenye mkono mtulivu, ambao waliacha wakiwa kwenye kipindi hicho, upinde sasa umebaki pambo la ukutani, na inaniuma manake naamini wengi wao waliacha pale pale walipokuwa wanaanza kuelewa.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu matarajio. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi kule Tanzania, watu ambao mtoto wa kiume anashika upinde akiwa mdogo kabisa na anakua nao mpaka uzee, watafiti walioishi nao miaka ya 1980 na kuandika siku za uwindaji moja moja walikuta mwindaji mmoja anapata mnyama mkubwa kwa wastani kama mara moja kwenye siku 30. Mara moja! Na hapo wamejumlisha mpaka mizoga waliyowapokonya wanyama wengine, na hao ni watu wenye sumu kwenye mishale, wanaoijua nchi yao mti kwa mti. Sasa wewe una kazi, una watoto, unaenda porini wikiendi chache za msimu wenye kibali, halafu ukirudi bila kitu unasema huna kipaji. Hapana jamani. Hiyo hesabu huwa naikumbuka kila nikianza kujilaumu, inanirudisha chini vizuri.

Kitu ninachotaka kusema hasa ni kwamba karibu kila hasira ya mchezo huu, ukiifuatilia mpaka mwisho, unaikuta kwenye umbali. Mwenye bunduki anafanya kazi yake mita 150 au 200 huko, mnyama hana habari. Mwenye upinde wa kompaundi, ule wenye kapi, aliyefanya mazoezi anaweza kutulia mita 35 au 40. Wewe na upinde wa asili unatakiwa uwe ndani ya mita 20, na ukiniuliza mimi 15 ndio pazuri, na zile mita kati ya 40 na 15 ndio uwindaji wenyewe ulipo, ndio shule, ndio mahali ambapo upepo unakusaliti na jani kavu linakusaliti na yule jike mzee uliyekuwa hata hujamuona pembeni anainua kichwa na kukoroma na kundi zima linaondoka. Mtu anakuja nyumbani anasema nimekosa. Hujakosa ndugu yangu, umefika mita 25 kutoka kwa mnyama wa porini kwa miguu yako, na watu wengi hawatakuja kufika hapo maisha yao yote.

Na hata ukifika bado kuna hii. Mshale wa upinde wa asili unaenda mita 50 hivi kwa sekunde, labda 55 upinde ukiwa mzuri. Sauti ya kamba inaenda mita 340. Kwa hiyo mnyama akiwa mita 20 sauti inamfikia kabla hata hujapepesa jicho, sehemu ndogo sana ya sekunde, halafu mshale wako unahitaji kama sekunde 0.4 kufika, na ndani ya huo muda swala mwenye wasiwasi anakunja miguu ashuke chini ili apate nguvu ya kuruka, na mshale unapita juu ya mgongo. Unabaki umesimama pale unasema nililenga vizuri. Na ni kweli ulilenga vizuri! Watu wanadhani mnyama amekwepa mshale, hajakwepa kitu, ameshtuka sauti na anajiandaa kukimbia, ndivyo alivyoumbwa. Ndio maana ni bora kumpiga aliyetulia, anayekula, kichwa kipo chini au nyuma ya mti, kuliko aliyesimama masikio mbele anakutafuta, hata kama huyo wa pili yupo karibu zaidi. Na ndio maana pia wazee wa mchezo huu wanafunga vinyoya au vipande vya sufu kwenye kamba na wanapenda mshale mzito, manake mshale mzito unameza nguvu zaidi ya upinde na kelele inapungua.

Sasa watu wakipitia hayo wanafanya nini? Wananunua upinde mzito zaidi. Hili nimeliona mno. Mtu ana upinde wa paundi 45, yaani nguvu ya kuuvuta, anakosa, anajiambia kasi ndio tatizo, anaenda 60, na huo 60 hauwezi, anauvuta nusu, mkono unatetemeka, anaachia kabla vidole havijafika kwenye kona ya mdomo, na mshale unaenda popote, na sasa ana matatizo mawili. Paundi 45 unazozimudu, mshale mzito ulionyooka, chembe ya mshale, ile ncha yake, yenye makali ya wembe kweli kweli (siyo makali ya kuambiwa, unyoe nywele za mkono nayo uone), inatosha kabisa kwa mnyama wa ukubwa wa swala ukimpiga ubavuni pale panapostahili. Kasi ya ziada haikupi kitu ukilinganisha na kumsogelea mita tano zaidi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Ishi. Huyu alikuwa mtu wa kabila la Yahi, California, wa mwisho wa watu wake baada ya wengine kuuawa na kumalizwa, alitokea mjini Oroville mwaka 1911 peke yake akiwa na njaa, akapelekwa kuishi kwenye jumba la makumbusho la chuo kikuu kule San Francisco. Daktari wake aliitwa Saxton Pope, na huyo Pope akajifunza upinde kutoka kwake, kutengeneza, kupiga, kuwinda, na uwindaji wa upinde Marekani ya leo una deni kubwa sana kwa urafiki ule. Ishi alifariki kwa kifua kikuu 1916. Kitu ambacho Pope alikieleza na mimi hakinitoki kichwani ni kwamba kwenye shabaha za mbali, zile za mashindano, Ishi hakuwa mtu wa kutisha hata kidogo, Wazungu waliojifunza juzi walimpita. Ila porini kwa karibu hali ilikuwa nyingine kabisa. Alichuchumaa, alisubiri, aliiga sauti ya mnyama aliye kwenye shida ili wanyama wengine waje kuangalia, siku ya kuwinda hakuvuta tumbaku na samaki hakula tangu jana yake ili asinuke, alioga asubuhi. Yaani nguvu zake zote aliziweka kwenye kuufuta umbali. Sisi tunaziweka kwenye kupiga mbali halafu tunashangaa.

Hata hivyo kuna hasira moja ambayo haitoki kwa mnyama, inatoka ndani yako, na hiyo inamaliza watu kimyakimya. Unavuta, na kabla hujafika mwisho vidole vinaachia vyenyewe. Au macho yakigusa shabaha tu mwili unashtuka na mshale umeshaondoka. Wengine wanaganda, hawawezi kabisa kuisogeza ncha ya mshale ikae katikati, inakwama chini ya shabaha kama imefungwa. Hofu ya shabaha, ndivyo wapiga upinde wanavyoiita, inawapata wanaoanza na inawapata mabingwa vile vile, na haina uhusiano na uoga wa mtu. Ubongo umeunganisha kuona shabaha na kuachia, viwili vimekuwa kitendo kimoja, na kazi yako ni kuvitenganisha upya. Usijaribu kuishinda kwa kupiga mishale mingi zaidi, unaizidishia mizizi. Simama mita mbili tatu kutoka kwenye robota kubwa la nyasi, hakuna alama yoyote, fumba macho, vuta mpaka mwisho, sikia mgongo, achia, basi. Wiki nzima hivyo, hata wiki kadhaa. Halafu weka alama, vuta, lenga, na USIACHIE, rudisha kamba taratibu. Tena. Tena. Zoezi la kuvuta na kurudisha linachosha na halina raha yoyote, hakuna cha kumuonyesha mtu, lakini linakurudishia uamuzi mkononi mwako, na porini uamuzi ndio kila kitu.

Zoezi lingine ninalolipenda ni mshale mmoja. Asubuhi, mwili bado wa baridi, hujapasha misuli, unatoka unapiga mshale mmoja kutoka umbali wowote ndani ya mita 20, na huo ndio umeisha kwa siku hiyo. Porini hupewi mishale kumi ya kuzoea. Mwanzoni unakasirisha sana kwa sababu ukikosa unakaa na hilo kosa mpaka kesho, lakini baada ya muda unaona jinsi unavyoanza kuuheshimu ule mshale, unachagua sehemu ndogo kabisa, siyo shabaha nzima bali doa moja, uzi mmoja. Mnyama naye hivyo hivyo, ukimwangalia mnyama mzima utapiga hewa au utapiga vibaya, tafuta unywele mmoja nyuma ya bega na uuangalie huo tu.

Niongelee na kujeruhi, manake hapo ndio watu wenye moyo mzuri wanapoacha, na siwalaumu hata kidogo. Mnyama kupigwa vibaya akaondoka na mshale, hakuna usiku mrefu kama ule. Lakini huzuni isikufanye ukimbilie nyayo. Aliyepigwa mapafu anaanguka ndani ya muda mfupi sana na mara nyingi siyo mbali, damu yake nyekundu ya kung'aa ina mapovu, huyo mpe nusu saa tu kwa usalama. Damu nyeusi nyeusi, nzito, ni ini, subiri masaa kadhaa. Mshale ukinuka tumbo au una majimaji ya kijani, ondoka eneo hilo taratibu kwa njia uliyokuja nayo, subiri masaa 8 mpaka 12, kwa sababu akilala karibu asisumbuliwe atafia hapo hapo, akisumbuliwa atainuka na ataenda mbali na mateso yake yatakuwa marefu na pengine hutampata kamwe. Kusubiri huku kunauma kuliko kukosa. Weka alama ya mwisho ulipomuona, weka alama kila tone, tembea pembeni ya njia ya damu usiikanyage, ita watu wakusaidie, ukiishiwa damu rudi kwenye tone la mwisho uanze upya kwa magoti. Mtu asiyekuwa tayari kupoteza siku nzima kutafuta asitoe mshale kwenye podo.

Na kwa sababu hiyo kutokupiga ni sehemu ya kuwinda, tena sehemu kubwa. Amekuangalia, kuna tawi katikati, amegeuza kifua kwako badala ya ubavu, mwanga umeisha, mkono umechoka kwa kushikilia, rudisha kamba. Nimeshuka kutoka mtini nikiwa na furaha kabisa siku ambazo sikuachia mshale, furaha ya kweli, kwa sababu nilimuona mnyama akila pale chini akaenda zake bila kujua kama nilikuwepo, na nilijua kwamba nafasi haikuwa safi na mkono wangu ulinisikiliza.

Kilichonisaidia kupita misimu mikavu bila kuchoka ni daftari. Sirekodi wanyama niliopata, hiyo ingekuwa orodha fupi na ya kusikitisha kwa mwindaji yeyote wa upinde, naandika namna kila jaribio lilivyoishia: aliniona, alinisikia, alininusa, au nilijizuia mwenyewe, na umbali ulikuwa mita ngapi ilipoishia. Ukisoma kurasa za msimu mzima kwa pamoja unaanza kuona kitu ambacho siku moja haiwezi kukuonyesha. Kwangu mimi pua zao ndizo zilizokuwa zinanimaliza, tena hasa kwenye miteremko, na nilikuwa nashughulika na nguo na miguu wakati tatizo lilikuwa hewa. Asubuhi hewa baridi inateremka kuelekea bondeni, jua likishapasha ardhi inageuka inapanda, kwa hiyo ile njia iliyokuwa salama kabisa alfajiri inakuwa ya kukuumbua baadaye asubuhi hiyo hiyo. Sasa natembea na kichupa cha majivu laini, nakibonyeza kila baada ya hatua chache naangalia yanaelekea wapi, na zile mita zangu za mwisho kwenye daftari zimekuwa zinapungua. Ukianza daftari lako usisahau kuandika na saa, manake upepo wa saa moja asubuhi na wa saa nne ni vitu viwili tofauti, na bila saa hutajua ni upi uliokuharibia.